Ungo wa Kwanza wa Kiwanda cha Mapanga

Nikisema "Upepo!" nyinyi mtaitika "Tupo!" Haya, tujaribu. Upepo! Wa mbele mmeitika, wa nyuma mmekaa kama mnaosubiri chai. Tena: Upepo! Hapo sawa, sasa naweza kuanza.

Wenzangu wanaosimulia hupenda kuwarudisha nyuma, kwenye zamani ambazo hakuna aliyeziona. Mimi leo nawapeleka mbele kidogo, kwenye siku ambazo baadhi yenu mtaziona. Kuna kijiji kinaitwa Unyaluki, kule katikati ya nchi, upande wa Singida, penye mawe makubwa na upepo usiochoka. Mkikitafuta kwenye ramani hamtakiona, maana nimekijenga mwenyewe asubuhi ya leo. Lakini watu wake mtawajua.

Kijijini hapo walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bi. Nyahiri, mpepetaji wa nafaka. Watu wa Unyaluki hawapepeti uani. Kila ukoo una mwamba wake, bapa na mpana, na uwele wote hupurwa na kupepetwa juu ya mwamba huo. Sheria ni moja: makapi yako yasianguke kwenye mwamba wa jirani. Yakianguka, unajaza unga kwenye kibuyu na kwenda kuomba radhi mbele za watu, na watu hawakosi kuja kukucheka. Bi. Nyahiri aliomba radhi mara moja tu maishani, akiwa bibi harusi wa wiki mbili, na mama mkwe wake amesimama pale pale. Siku hiyo aliapa kuujua upepo, na akaujua: unakotoka asubuhi, unakogeukia adhuhuri, na unakojificha ukitaka kumwaibisha mtu.

Wa pili ni Digha, fundi visima. Huyu anaongea. Ukimuuliza habari za kisima kimoja, atakupitisha kwenye visima vyote alivyochimba, na ukiaga atakusindikiza ili amalizie. Lakini akifika mahali pa kuchimba hunyamaza. Hugonga ardhi kwa mtaimbo, huinama, hutega sikio. Kisha atakwambia maji yapo au hayapo, yanatoka wapi na yanakwenda kwa nani. Katika visima thelathini na kimoja amekosea kimoja tu, na hicho anasema mwenye shamba alimharakisha.

Wa tatu ni Mughenyi, mwendesha maksai. Huyu haongei. Maneno yake yote amewapa ng'ombe wake, na wawili wa mbele amewaita Shemeji na Usinisukume. Kazi yake ni kukokota magogo marefu ya kujengea, kutoka msituni mpaka kijijini, kwenye vijia vinavyopita katikati ya mawe. Watu humwona akipita na gogo mahali ambapo mbuzi mnene angefikiri mara mbili, na hakuna aliyewahi kumuuliza anapitaje.

Kuna na desturi moja, nawaomba muishike kwa sababu tutaihitaji. Mtu akiwaonyesha wengine mwamba mpya wa kupepetea, mavuno yakija yeye ndiye hupewa ungo wa kwanza. Ungo mmoja, mtu mmoja. Haugawanywi, kwa sababu ukigawanywa kila mtu atapata kiganja, na nafaka ya kiganja haipiki ugali wa mtu mzima.

Sasa twende kwenye shida yenyewe.

Juu ya kilima cha Unyaluki kulikuwa na mitambo ya upepo, ile minara mirefu yenye mapanga matatu yanayozunguka kama ya pangaboi. Nikisema panga, msifikirie la kufyekea. Panga moja la mtambo lina urefu wa mita hamsini, limeundwa kwa nyuzi za kioo, na ndani ni wazi kama mwanzi. Mapanga hayo yalizunguka miaka ishirini na mitano, yakawasha taa za watu wa mbali, na baadaye za Unyaluki pia. Kisha yakazeeka. Yakateremshwa, yakapandishwa mapya, na yale ya zamani yakalazwa mashambani.

Mbuzi walifurahi kwa kupata kivuli. Watoto waliteleza juu yake mpaka kaptula zikatoboka. Lakini kila mwaka yaliongezeka na mashamba yakapungua. Kuyachoma ni balaa, moshi wake unakaba koo. Kuyazika ni kazi bure, hayaozi. Kampuni yenye mitambo ikaamua kujenga kiwanda cha kuyakata na kuyasaga, ili unga wake uchanganywe kwenye saruji na nyuzi zake zitengenezewe vitu vingine. Ikamtuma Injinia Aikande, mwanamke mchapakazi mwenye kofia ya njano, aje kutafuta mahali pa kukijenga.

"Kiwanda kitakuwa hapa kijijini," aliwaambia mkutanoni, "na vijana watapata kazi, ila pawe mahali pasipomdhuru mtu. Mvua za kwanza zikinyesha hatujapapata, kitakwenda wilaya nyingine. Mapanga haya yatabaki hapa mpaka tuone."

Kijiji kizima kilielewa maana ya "mpaka tuone".

Mahali pa kwanza palikuwa uwanja wa mnada, upande wa magharibi wa kijiji. Vipimo vya miaka ishirini na mitano vilisema upepo wa Unyaluki unatoka mashariki. Basi vumbi la kiwanda litakwenda magharibi, porini, na kijiji kitabaki salama. Hesabu ilikuwa nzuri na imechorwa kwa rangi. Wataalamu wakafunga turubai pale mnadani, wakaagiza pilau.

Bi. Nyahiri akaja kuitazama ramani.

"Shikamoo mama," Injinia alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Huu upepo mliupima wapi?"

"Juu ya mnara, mama. Mita themanini kutoka chini."

"Na sisi tunakaa mita themanini kutoka chini?"

Wataalamu wakatabasamu kwa adabu. Bi. Nyahiri akawaeleza kwamba alasiri, mawe yakishapata moto, upepo wa juu huendelea na safari yake, lakini wa miguuni hugeuka na kurudi nyumbani. Wakazidi kutabasamu. Basi akaondoka, na ilipofika saa tisa kasorobo alirudi na debe la makapi kichwani, wakati wao ndio kwanza wanapakua.

"Karibu chakula, mama."

"Asanteni, nimekuja na changu."

Akachota makapi kwa ungo, akayarusha. Makapi yakapaa kuelekea magharibi kama hesabu ilivyotaka, na mtaalamu mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yakafika kwenye mawe, yakasita kidogo. Kisha yakageuka, yakarudi yakitambaa chini chini, yakainuka kwenye meza ya wageni na kutua yote kwenye pilau.

"Haya ni makapi tu, mtayatoa kwa kijiko," alisema Bi. Nyahiri. "Vumbi lenu ni la kioo. Mnataka tule ugali wa vioo?"

Injinia Aikande alitoa kapi kwenye ulimi wake, akalitazama, akachukua kalamu na kuukata uwanja wa mnada mstari mwekundu. Mama mkwe angekuwa hai siku hiyo, naamini angepiga vigelegele.

Mahali pa pili palikuwa bondeni, nyuma ya mawe, ambako upepo hauingii. Bi. Nyahiri mwenyewe alipapima siku nne, asubuhi, mchana na jioni, na kila aliporusha makapi yalimwangukia miguuni. Furaha ikarudi. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Irunde, akaanza kutunga hotuba ya ufunguzi.

Digha akafika na mtaimbo wake. Aligonga hapa, akagonga pale, akalala chini kabisa, sikio kwenye udongo. Alipoinuka hakuwa na mzaha.

"Mtaosha mapanga kwa maji, sivyo? Ili vumbi lisiruke?"

"Ndiyo, fundi," Injinia alijibu.

"Basi chini ya hapa kuna mshipa wa maji, na unakwenda kisima chetu kikubwa."

"Kipimo chetu kinaonyesha udongo mkavu mpaka mita kumi."

"Kipimo chenu kinaona. Mimi nasikia."

Akaweka dau mbele ya wote. Angechimba shimo pale na kumwaga magunia mawili ya chumvi na mapipa ya maji. Kama siku ya tatu maji ya kisima hayatakuwa na chumvi, yeye Digha atanyamaza mwezi mzima. Sitawaficha: walikuwapo watu wengi wema, wenye kukipenda kijiji chao, ambao siku zile tatu waliomba kimoyomoyo Digha awe amekosea.

Alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake wateke maji ya akiba mapema. Kwa kuwa kila nyumba alikaa kuzungumza, muda ulimwishia, na nyumba moja ikasahaulika. Asubuhi ya siku ya tatu Mwenyekiti Irunde aliwakaribisha wageni ofisini, akajimiminia chai aliyotoka nayo nyumbani, akapiga funda kubwa. Funda hilo lote lilitua kwenye ramani ya bondeni.

"Nani kaweka chumvi kwenye chai yangu?"

"Kiwanda chako, mwenyekiti," Digha alijibu kutoka mlangoni. "Tena hakijajengwa."

Wiki mbili baadaye kisima kilikuwa kimejisafisha, na bonde likakatwa mstari mwekundu wa pili. Mwezi wa kunyamaza haukuja, na Digha alihakikisha kila mtu amejua kwa nini. Lakini sasa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki, na watu walikuwa wakiyatazama kwa jicho moja na mapanga kwa jicho la pili.

Mahali pa tatu palikuwa Jaluba, mwamba mmoja mtupu wenye upana wa viwanja viwili vya mpira, mbali na nyumba. Bi. Nyahiri akarusha makapi, yakaenda porini na hayakurudi. Digha akagonga mwamba, ukamjibu mlio mkavu wa chuma. "Hapa hata chozi halipiti," akasema. Watu wakakumbatiana.

Ikabaki njia. Mapanga hayawezi kukatiwa mashambani karibu na nyumba, kwa sababu ya lile vumbi. Lazima yafike kiwandani mazima. Na njia ya Jaluba ina kona moja kali inayopita katikati ya mawe mawili makubwa yanayoitwa Mapacha. Kampuni ikapakia panga moja la majaribio kwenye tela refu na kulipeleka. Lilipofika kwenye kona ncha iligusa pacha wa kulia, shina likagusa pacha wa kushoto, na dereva mwenye uzoefu wa miaka ishirini akazima injini, akashuka na kukaa chini.

"Tupasue jiwe moja kwa baruti," alisema mtaalamu mmoja.

"Kibali cha baruti ni miezi mitatu," alisema Injinia, macho yake kwenye mawingu.

"Na mkipasua la kushoto mtanipasua na mimi," alisema Bi. Nyahiri. Juu ya pacha wa kushoto ndipo wanapopepetea watu wasio na mwamba wa ukoo: wajane waliofukuzwa, wahamiaji, watu wasio na mtu.

Nyuma ya tela lililokwama alikuwapo Mughenyi na maksai wake na gogo lake, anasubiri njia. Alikuwa amesubiri tangu asubuhi. Jua lilipofika utosini akasema neno lake la kwanza siku hiyo.

"Mbona mnataka ligeuke?"

"Kwa sababu njia inageuka!" dereva alifoka.

Mughenyi akafikiri. "Gogo halina kichwa," akasema. "Kichwa ni pale walipofungwa maksai."

Hakuna aliyeelewa, na yeye alikuwa amekwisha choka kuongea. Akawasogeza maksai kando, akaomba tela lirudishwe nyuma. Kisha akawapitisha maksai wake kwenye kona, lakini hakukata kona. Aliliburuta gogo moja kwa moja mbele, likaingia kwenye shamba lililokwisha vunwa, mpaka mkia wake ukavuka Mapacha. Hapo akawafungua Shemeji na Usinisukume na wenzao, akawazungusha, akawafunga upande wa mkia. "Twende, Shemeji." Gogo likarudi kinyumenyume na kuingia kipande cha njia cha baada ya kona likiwa limenyooka. Kilichokuwa mkia sasa ndicho kichwa, na hakuna kilichogeuka ila ng'ombe.

Injinia Aikande alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Fundi wa kuchomelea akaweka kulabu nyuma ya tela. Lori likalivuta mpaka shambani, likafunguliwa, likazunguka, likafungwa upande wa pili. Panga la mita hamsini likapita kati ya Mapacha, limebakiza shubiri moja kila upande, na dereva akashuka kumpa mkono Mughenyi. Mikataba ilitiwa sahihi siku ya Jumatano. Alhamisi mvua ikanyesha.

Kiwanda kikajengwa. Mashine ikaletwa. Siku chache kabla ya kuiwasha, Injinia Aikande aliitisha mkutano, na hapa ndipo furaha ilipoleta kesi.

"Lile panga la majaribio halimo kwenye hesabu ya kiwanda," alisema. "Mengine yote yameahidiwa kiwanda cha saruji. Hili moja tunalitoa zawadi, zima, kwa mtu aliyetuonyesha mahali. Kwa ajili ya usalama fomu ina mstari mmoja, jina moja, la mtu atakayeamua liwekwe wapi na kulisimamia. Jumamosi saa nne tunawasha mashine. Kama mstari utakuwa mtupu, panga litasagwa kama mengine."

"Huo ni ungo wa kwanza!" Mwenyekiti Irunde alipaza sauti, na watu wakashangilia. "Haya, ndugu zangu. Nani ametuonyesha mahali?"

Vidole vikanyooshwa, kila kimoja upande wake. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Walisahau kusema inakuwaje vyanda vikiwa vitatu na pete moja.

Maana kila mmoja alikuwa amekwisha lipangia kazi lile panga. Bi. Nyahiri alitaka liwe paa juu ya pacha wa kushoto, ili mvua ya ghafla isiloweshe tena uwele wa watu wasio na mwamba. Mwaka uliopita uliota wote ungali juu ya jiwe. Digha alitaka lilazwe kati ya mwamba mmoja mkubwa na zahanati, lipitishe maji ya mvua ndani yake mpaka kwenye tangi, kwa kuwa zahanati haina bomba na mama akienda kujifungua anakwenda na ndoo yake. Mughenyi alitaka liwe daraja la korongo, ambalo masika huwatenga watoto wa upande wa pili na shule yao.

Najua kuna mmoja wenu anataka kuniambia likatwe mara tatu. Daraja linaloishia katikati ya korongo si daraja, ni mtego. Na wewe mjanja unayetaka liwe daraja na mfereji kwa pamoja, korongo liko mashariki na zahanati iko magharibi. Tuliza moyo.

Mkutano ulianza kwa upole na haukubaki hivyo.

"Bila mimi mngekuwa mnakula vioo," alisema Bi. Nyahiri.

"Bila mimi mngekuwa mnavinywa," alisema Digha.

Dereva wa tela alisimama kwa niaba ya Mughenyi. "Bila huyu mngekuwa mnavitazama tu, vimelala mashambani mpaka leo!"

Wengine wakasema wa kwanza ndiye wa kwanza, kwani bila yeye wasingeanza hata kutafuta. Wengine wakasema jengo ni msingi, na aliyeujua mwamba ni Digha. Wengine wakasema anayestahili ni aliyemaliza, maana safari ya kufika nusu haina jina. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili. Ndugu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana wako upande gani kwanza.

Jumamosi asubuhi Mwenyekiti Irunde aliwaita wote watatu mbele, nje ya lango la kiwanda. Panga lilikuwa limelazwa pembeni ya mashine, jeupe na refu.

"Nimechoka kuwasikia mkijisema," aliwaambia. "Kila mmoja anitajie mwenzake anayestahili. Kujitaja ni marufuku. Atakayetajwa zaidi, namwandika."

Watu wakaona hiyo ni akili. Bi. Nyahiri akaanza.

"Mpeni Digha. Binti yangu alijifungua pale zahanati mwezi wa pili. Nilibeba ndoo tatu za maji kutoka nyumbani. Ya tatu ilipokwisha, mkunga aliniuliza ya nne iko wapi. Sitaki mwanamke mwingine aulizwe hivyo."

Digha akainuka.

"Mpeni Mughenyi. Masika yote huyu huwavusha watoto wetu juu ya migongo ya maksai wake. Wangu wawili wamo. Mwaka jana maji yalipokuja ghafla aliwatoa watoto kwanza, na korongo likamchukua ng'ombe wake, Subira. Hakumwambia mtu. Mimi nimeongea maisha yangu yote, na hilo sijawahi kumshukuru." Akakaa, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Wakamgeukia Mughenyi.

"Mama yangu hana mwamba," akasema. "Anapepeta pale kwa Mapacha. Uwele wake ulipoota, Bi. Nyahiri alimletea gunia, akasema amelikuta njiani." Watu wakacheka kidogo. "Yeye ana mwamba wa ukoo. Analitaka paa kwa ajili ya wasio nao. Mpeni yeye."

Ni maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema mbele ya watu. Bi. Nyahiri alijifunika uso kwa kanga, na Digha akamshika Mughenyi bega. Walikuwa wamepatana wote watatu kuliko walivyowahi kupatana, na Mwenyekiti Irunde alikuwa na kura moja, moja na moja.

Akaitazama saa. Saa nne kasoro dakika tano. Injinia Aikande alikuwa amesimama kando ya mashine, mkono wake karibu na swichi, na uso wake unaomba mtu aandike kitu, chochote.

Sasa sikilizeni. Msiniambie "wote watatu". Mstari ni mmoja, na "wote watatu" ndilo jibu ambalo mashine inalisubiri. Msiniulize mimi pia. Nina langu, na nimelimeza. Aliyewaokoa na upepo ni Bi. Nyahiri, aliyewaokoa na maji ni Digha, aliyewafungulia njia ni Mughenyi. Mmoja wao atawapa paa, au maji, au daraja, na wawili watarudi nyumbani wakipiga makofi.

Mwenyekiti amewapa watu mgongo, amekugeukia wewe, wewe uliyekataa kuitika mwanzoni, na amekunyooshea kalamu.

Zimebaki dakika nne. Je, wewe ungeandika jina la nani?